Cherehani ya duveti: nitengeneze ya zamani au ninunue ya kiwandani?

MamaSalha_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nina oda ya duveti kumi na mbili za gesti na cherehani imenigomea. Juu mshono umetulia, nikigeuza chini naona vitanzi vitupu, nafumua kila siku. Fundi anataka abadilishe shato, kile chuma cha chini kinachokamata uzi, na kesi ya bobini, kile kikasha cha uzi wa chini. Baba Salha anasema tuachane na chuma cha zamani, tununue ya kiwandani, ama ya mtumba ama mpya yenye mota ya sevo, ile inayozunguka unapokanyaga tu. Mngekuwa nyinyi mngefanya lipi? Mteja anataka mzigo mwisho wa mwezi.

FundiMwinyi
Mama Salha, hujatueleza bado. Ni ya kukanyaga au ya umeme? Uzi gani? Sindano namba ngapi, na faiba, ile ya kujaza ndani ya duveti, ina unene gani? Bila hayo tutapiga ramli.

KitengeMombasa
Chukua cherehani ya kiwandani, Juki DDL-8700, mambo yaishe. Inafika mishono 5,500 kwa dakika na inajipaka mafuta yenyewe. Ninayo, na sitaki nyingine.

FundiMwinyi
Kaka, mwenzetu analia na vitanzi, wewe unamuuzia kasi. Halafu 8700 ya kawaida ni ya vitambaa vyepesi na vya wastani. Kwa vizito ipo ile yenye H mwishoni.
Mama, vitanzi vikiwa chini, anza kutafuta ugonjwa juu. Wengi hukimbilia skrubu ya bobini na kuharibu kilichokuwa kizima. Uzi wa juu haujabanwa, ndiyo maana unaozidi unashuka. Unapotunga uzi, nyanyua kwanza mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa. Mguu ukiwa chini, vile visahani viwili vya tensheni, vinavyokaza uzi wa juu, vimeshabanana, uzi unapita pembeni bila kuingia katikati yake. Pitisha pia kitambaa safi humo ndani, nyuzinyuzi za faiba hupenda kukaa hapo.

MamaSalha_Tanga
Ahsante fundi. Ni ile nyeusi ya kukanyaga, nimeifunga mota ndogo pembeni. Sindano namba 14, sijaibadilisha tangu Ramadhani. Uzi ni wa koni kubwa wa bei nafuu. Faiba nimeiweka mara mbili, mteja anataka nene.

BintiMtwara
Tangu Ramadhani, dada yangu! Namba 14 kwenye faiba mbili inapinda. Weka 18, au 16 kitambaa kikiwa laini. Na huo uzi una mafundomafundo, kila fundo likipita kwenye tensheni mshono unabadilika. Mimi uzi wa bei ya kutupwa siuingizi dukani kwangu.

KitengeMombasa
Uzi hauna kosa. Mashine nzuri inashona uzi wowote.

BintiMtwara
Si kweli kaka, na wanaoanza watakuamini.

BabaKoni_Dodoma
Shikamooni wakubwa. Mimi naomba nizungumzie mtumba, maana nimeumia. Nilinunua ya kiwandani kwa muuzaji mmoja, akaijaribu mbele yangu, ikashona kama maji. Nikakodi kirikuu, nikaifikisha nyumbani, nikamwita fundi umeme. Akasoma kibao cha mota: fezi tatu. Kwangu ni fezi moja. Muuzaji hakupokea simu tena. Nikanunua mota nyingine, fedha ya ada ya mtoto hiyo. Kuwasha, inaruka mishono. Tukafungua chini, ile ncha inayokamata uzi imelika, na dukani pale alikuwa ananionyesha kwa kitambaa chepesi mkunjo mmoja. Mama Salha, ukienda kutazama, nenda na duveti lako lenyewe na faiba yako, ushone pembe nene kabisa. Na usome kibao cha mota kabla hujatoa hata shilingi.

Zuhura_Minnesota
Poleni sana. Huku Marekani nashona mablanketi ya tabaka tatu kwenye fremu, cherehani ndiyo inayotembea juu ya kitambaa. Tatizo ni lilelile. Nilikuwa navuta kitambaa kikakaze kama ngoma, mishono ikaruka. Nilipolegeza kidogo, ikatulia. Kesi ya bobini naipima hivi: naishika kwa uzi ining'inie, natikisa kidogo. Ikishuka kidogo ikasimama, iko sawa. Ikiporomoka imelegea, isiposogea imekaza.

FundiMwinyi
Dada Zuhura kasema kweli. Nyongeza: sindano za hizi za kiwandani ni DBx1, shina lake duara. Ya mama ni HAx1, ina upande bapa. Zisichanganywe.

KitengeMombasa
Mafuta je? Bibi yangu alitia ya kupikia miaka yote.

FundiMwinyi
Ya kupikia yanaganda kama gundi. Mafuta ya cherehani yapo, tena ni bei ndogo.

KitengeMombasa
Ya bibi bado inashona.

MamaSalha_Tanga
Nimerudi. Nimeweka 18, nimetunga uzi mguu ukiwa juu, nimesafisha visahani. Vumbi lililotoka, Mungu wangu! Katikati ya duveti vitanzi vimekwisha. Pembeni, kwenye mikunjo minne, bado vinatokea. Fundi anashikilia ni shato. Baba Salha kesho anakwenda kutazama ya mtumba, nimemwambia abebe duveti na asome kibao.

BintiMtwara
Kabla ya shato jaribu uzi mwingine, koni moja tu. Hiyo faiba nzito unaipata wapi Tanga? Huku tunaletewa nyepesi tupu.

BabaKoni_Dodoma
Hata mimi naiulizia.