Gumzo la ukoo: Rehema ahamia Tulsa

Rehema: Assalamu alaikum nyote. Tumeshatua Tulsa salama na jana tulitia saini karatasi za nyumba. Huku Oklahoma kila kiwanja hufuatiliwa kimetoka kwa nani kwenda kwa nani, kwa hiyo nimekabidhiwa fungu la kurasa zilizobanwa pamoja. Nilidhani ukurasa wa kwanza ungekuwa wa serikali ya Marekani, kumbe ni hati iliyotiwa saini na Chifu Mkuu wa taifa la Muscogee, wenyeji asilia wa Marekani ambao wazungu waliwaita Creek, akimkabidhi mwanamke mmoja wa taifa hilo ekari 160.

Idi: Wa alaikum salaam, dada, na hongera. Sisi hapa Houston tunaambiwa kwamba Oklahoma ilianza mwaka 1889, watu walipojipanga mstarini na farasi na mikokoteni, bunduki ikalia saa sita mchana, kila mmoja akakimbilia kipande chake. Hata timu ya chuo kikuu chao inaitwa Sooners kwa kumbukumbu hiyo.

Rehema: Mbio za tarehe 22 Aprili 1889 zilikuwepo, na watu wapatao 50,000 waligombea ekari zipatazo milioni mbili, lakini hiyo ni habari ya katikati ya jimbo, upande wa Oklahoma City. Na hao Sooners unaowashangilia, Idi, walikuwa watu waliojipenyeza na kujificha vichakani kabla ya saa kufika, yaani jimbo zima linajivunia jina la wadanganyifu! Hapa Tulsa historia ni ya zamani zaidi. Mwaka 1836 Wacreek waliofukuzwa Alabama walifika wakiwa wamebeba majivu ya moto wa kijiji chao, wakawasha moto mpya chini ya mwaloni uliokuwa juu ya kilima kando ya mto Arkansas. Mti huo bado umesimama katika bustani ndogo iliyozungukwa na nyumba za watu.

Shangazi Mwanaisha: Mwanangu, walifukuzwa na nani? Na kama ardhi ilikuwa yao, ninyi hamtakuja kunyang'anywa nyumba mliyoitolea jasho?

Rehema: Shikamoo Shangazi. Walifukuzwa na serikali ya Marekani yenyewe, chini ya sheria ya mwaka 1830 iliyopitishwa wakati wa Rais Andrew Jackson, pamoja na Wacherokee, Wachoctaw, Wachickasaw na Waseminole, na maelfu walikufa njiani. Waliahidiwa kwa mikataba kwamba huku watakaa bila kubughudhiwa. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1898 iliyolazimisha ardhi ya pamoja ikatwe vipande vya mtu mmoja mmoja, na mafuta yalipopatikana Glenn Pool, karibu na Tulsa, mwaka 1905 vipande hivyo vikawa windo. Watoto waliogawiwa ardhi yenye mafuta waliwekewa walezi na mahakama, na wengi wa walezi hao waliwafilisi. Kuhusu nyumba yetu usiwe na wasiwasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano kwa nne kwamba eneo la Wacreek halikuwahi kufutwa kisheria, lakini kesi ilihusu nani ana mamlaka ya kushtaki wahalifu, wala haikugusa hatimiliki za watu. Ninachokiona mimi barabarani ni namba za magari zenye nembo ya taifa la Creek au Cherokee badala ya zile za jimbo.

Baba Mkubwa: Nimefuatilia kwa makini, na mlio Narok na Nakuru mtaelewa kwa nini. Wamaasai walitia saini mkataba na Waingereza mwaka 1904, wakaahidiwa kwamba ungedumu maadamu wapo, na kufikia 1911 wakatakiwa wahame Laikipia. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi ikatupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa baina ya dola ya Kiingereza na watu wasio raia wake, kwa hiyo mahakama haina la kusema. Sasa tazameni Wacherokee, ambao mwaka 1831 kesi yao dhidi ya jimbo la Georgia ilitupwa kwa sababu wao si taifa la kigeni! Huyu akaambiwa ni mgeni mno, yule akaambiwa si mgeni wa kutosha, na wote wawili wakahamishwa.

Idi: Na Greenwood, mtaa wa weusi uliochomwa mwaka 1921, unaingia wapi hapa?

Rehema: Unaingia palepale, na si kwa namna ya kufurahisha. Baadhi ya Wacreek walikuwa na watumwa weusi, wakaja nao kutoka kusini. Mkataba wa 1866 uliwapa walioachwa huru uraia wa taifa la Creek, ndiyo maana nao walipata ekari 160 kila mmoja, na wakawa miongoni mwa weusi wachache Marekani waliomiliki ardhi kwa wingi hivyo. Weusi kutoka majimbo mengine wakavutiwa, Greenwood ikanawiri, na kundi la wazungu likateketeza takriban vitalu 35 vya majengo kwa siku mbili. Makumbusho yapo, nimeyapita kwa gari tu.

Baba Mkubwa: Rehema, rudi kwenye karatasi zako. Yule mwanamke aliuza kwa nani, na kwa bei gani?

Rehema: Ukurasa wa pili unasema aliuza kwa dola moja na malipo mengine ya thamani, Baba Mkubwa.

Shangazi Mwanaisha: Dola moja kwa ekari 160?

Rehema: Ndivyo hati za huku zinavyoandikwa hata leo, Shangazi, ili bei halisi isijulikane. Inawezekana alilipwa vizuri, na inawezekana hakulipwa chochote. Kama alikuwa mtoto na mlezi ndiye aliyeuza, lazima kulikuwa na faili mahakamani, na bei itakuwemo. Jumatatu nitakwenda kuuliza kwenye ofisi ya karani wa mahakama ya kaunti.

Baba Mkubwa: Nenda na namba ya yule mwanamke katika orodha ya raia wa taifa la Creek. Majina huandikwa kwa tahajia tofauti katika kila faili.