Nyati wa kwanza, nina miezi 6 ya kujiandaa. Nianzie wapi?

Mgeni_wa_Pori:
Wakuu habari zenu. Nimeshalipa malipo ya awali ya safari ya siku 10 ya kuwinda nyati, nitakuwa na mwindaji bingwa na watu wake wa kufuata nyayo, imebaki kama miezi 6 hivi. Mnyama mkubwa niliyewahi kupiga ni swala tu. Nina bunduki ya kaliba (unene wa risasi) ya .375 H&H yenye darubini, nikikaa kwenye meza ya shabaha mita 100 risasi 3 zinaingia eneo unaloweza kulifunika na kiganja, lakini kuna jamaa ananisisitizia niiuze ninunue yenye kaliba kubwa zaidi, .458, maana anasema nyati si mchezo. Nimechanganyikiwa kwa kweli. Kwa waliowahi kwenda, hii miezi 6 niitumie kufanya nini, na hiyo bunduki nibadilishe au niiache?

Nyayo za Asubuhi:
Mkuu hongera, na usiuze bunduki. .375 H&H ipo tangu 1912 na imeangusha nyati wasiohesabika, nchi kadhaa za Afrika zimeiweka kabisa kwenye sheria kuwa ndo kaliba ya chini kwa wanyama hatari. Risasi yake ya greini 300 (greini ni kipimo cha uzito wa risasi) ikiingia panapotakiwa nyati hana ujanja, na .458 yenye greini 500 ikiingia tumboni umejitafutia balaa lile lile, tena hiyo inapiga teke zito, ukianza kuiogopa unafumba macho kabla hujavuta triga na hapo risasi inaenda inakotaka yenyewe.

Kilichonishtua kwenye maelezo yako ni hiyo meza. Porini hamna meza. Utapiga umesimama, bunduki imeegemea fimbo za miguu mitatu, unahema, jasho linaingia machoni, na mwindaji bingwa anakunong'oneza "yule wa kushoto, ngoja, ngoja, sasa". Mimi safari yangu ya kwanza nilijiandaa kama wewe, meza na mfuko wa mchanga miezi yote. Siku ya siku tulitembea masaa manne, tukamfikia dume mzee kama mita 60, fimbo zikawekwa nikaanza kuhangaika nazo maana sikuwa nimezizoea, nikapiga juu na nyuma. Tukamfuata kwenye vichaka vizito mpaka jioni, watu watatu mbele yangu wanaweka roho zao rehani kwa kosa langu, na mnyama anaumia muda wote huo. Alimaliziwa jioni ile na mwindaji bingwa. Mpaka leo nikikumbuka ile siku roho inaniuma.

Kwahiyo tengeneza fimbo tatu, zifunge juu na kipande cha mpira, na kuanzia sasa piga kutoka kwenye hizo tu, mita 50 mpaka 100, nyati wengi wanapigwa ndani ya umbali huo. Meza itumie kuhakikisha darubini imelenga sawa basi. Na usipige .375 risasi 40 kwa siku moja, utajifundisha woga. Piga 10 au 12, zinazobaki tumia .22 (bunduki ndogo) kwa mkao ule ule, na nyumbani kila jioni fyatua bila risasi, ukihakikisha mara mbili kwamba chemba iko tupu. Kila ukifyatua vuta na rudisha bolti (kile chuma cha kuingiza risasi nyingine) haraka bunduki ikiwa bado begani, ifanye iwe tabia, sababu nyati ukishampiga ya kwanza hutakiwi kusimama kumshangaa, unaongeza ya pili na ya tatu maadam bado amesimama na mwindaji bingwa hajakwambia acha.

Jingine ni ramani ya mwili. Moyo na mapafu ya nyati vimekaa chini na mbele kuliko mtu anavyodhani, ile nundu ya mabegani inadanganya macho, ukilenga katikati ya mwili unapita juu. Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu mpaka theluthi moja ya mwili, hapo hapo. Akiwa ameelekea upande kidogo, fikiria risasi itatokea wapi upande wa pili, sio inaingilia wapi. Na kama yuko kwenye kundi hakikisha hamna mwingine nyuma yake, risasi inaweza kupita ikajeruhi wa pili. Ndo maana wengi huanza na risasi ya ncha laini, ile inayopanuka mwilini na mara nyingi haipiti upande wa pili, halafu za ncha ngumu zinafuata.

BintiShabaha:
Hapo juu umemaliza kaka, mimi naongezea makaratasi maana watu wengi wanakwama huko hata kabla ya kuona nyayo. Kibali cha kuingiza bunduki kwa muda kiombe mapema, namba ya bunduki kwenye kibali ilingane na iliyochongwa kwenye chuma herufi kwa herufi. Kama ndege inapitia nchi nyingine uliza kama nayo inataka kibali hata kama hutoki nje ya uwanja, mimi nilizuiliwa siku nzima kwa sababu hiyo. Risasi mwisho wake kwa kawaida ni kilo 5 kwa abiria na zinakaa kwenye boksi lake, sio kwenye magazini, bunduki kwenye sanduku gumu lenye kufuli.

Halafu soma mkataba taratibu. Ada ya siku ni mbali na ada ya mnyama, na karibu kila mkataba unasema damu ikidondoka umelipia, hata mnyama asipopatikana. Uliza pia nani anagharamia kukausha na kusafirisha pembe na ngozi. Nyati hayumo kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwahiyo ni nafuu kidogo, ila ukishawishika huko huko ukaongeza chui ujue yeye yuko kwenye orodha ya kwanza, yenye masharti makali zaidi, bila kibali cha kutoa na cha kuingiza kwenu nyara haiendi popote. Na bima ya kubebwa na ndege kutoka porini usiiruke tafadhali.

kongoni07:
Miguu mkuu, miguu. Utatembea kilomita 10, siku nyingine 15 au zaidi, na nusu yake umeinama. Anza leo, beba bunduki au kitu chenye uzito wake, na buti ndo hizo hizo utakazoenda nazo, usije ukaenda na buti mpya, lengelenge moja linakuharibia siku tatu. Nguo za kaki au kijani kilichofifia, kitambaa kisichopiga kelele kikigusa miiba. Bluu na nyeusi ziache, zinaita mbung'o. Na mabakamabaka kama ya jeshi usiyafungashe kabisa, kuna nchi raia akionekana nayo anakamatwa.

Mgeni_wa_Pori:
Aisee asanteni sana, hiyo ya fimbo sikuwa nimeiwaza kabisa. Leo nimejaribu mita 50 nimesimama, risasi 5, mbili tu ndo zimeingia pale mnapopasema, nimeona kazi iliyopo. .458 basi tena. Swali moja la mwisho: mwindaji bingwa akisema usipige na mimi namuona dume ana pembe pana kabisa mbele yangu, namsikiliza tu?

Nyayo za Asubuhi:
Unamsikiliza. Upana wa pembe sio umri. Yeye anaangalia shina, pale pembe mbili zinapokutana kwenye paji la uso, kama bado pana ngozi laini na manyoya huyo ni kijana na kundi bado linamhitaji. Anachokutafutia ni mzee ambaye shina limeshakuwa gumu kama jiwe, mara nyingi wanatembea wawili watatu mbali na majike, pembe zimesagika ncha, hata upana ushapungua. Mwandikie wiki hii hii, mwambie ukweli kwamba hujawahi kuwinda nyati na kwamba unataka dume mzee hata kama ni mfupi wa pembe, na mwambie urefu wako ili fimbo zikatwe kukufaa. Mkifika, kabla ya kuingia porini, ombeni kupiga risasi mbili tatu za kukagua darubini, safari ya ndege huwa inaitikisa. Na hizo 2 kati ya 5 sio mbaya kwa siku ya kwanza, rudi hapa baada ya mwezi utuambie zimefika ngapi.