Msaada wa maneno magumu: vijana wanaigiza Utendi wa Tambuka

Mwalimu_Tanga: Assalaam alaykum ndugu zangu. Vijana wa madrasa yetu wanaigiza Utendi wa Tambuka, ule utenzi wa kale wa vita vya Waislamu na Warumi, siku ya Maulidi, ila maneno yanawakwama kooni. Mmoja amesoma "moya" akadhani ni moyo. Mwingine kaona "chuo" akaniuliza Herekali, mfalme wa Warumi, alisomea wapi. Nafikiria kuyageuza yote yawe Kiswahili cha leo. Nifanye hivyo?

Mwana_wa_Amu: Waalaykum salaam mwalimu. Usigeuze, tafadhali sana. Hicho ni Kiswahili chetu cha kaskazini, utenzi umeandikwa kisiwani Pate mwaka 1728. Wafundishe sauti kwanza, nusu ya ugumu itaondoka. J yenu kwetu mara nyingi ni y: moja ni moya, akaja ni akaya. Ch huwa t: macho ni mato, chini ni tini, nchi ni nti. Njia ni ndia, vitu ni zitu. Wanaposumbuka zaidi ni kwenye vitenzi: "wene" ni ameona, na "pete" ni amepata, si ya kidoleni. Chuo ni kitabu. Utenzi wenyewe jina lake jingine ni Chuo cha Herekali.

Binti_Mizani: Nakubaliana naye. Kila kipande cha ubeti kina mizani (silabi) minane, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kinabeba kina cha utenzi mzima. Weka "macho" mahali pa "mato": mizani inabaki, lakini kama vipande wenzake vimeishia na -to, ubeti umekufa. Chagua msimulizi aeleze kwa lugha ya leo kabla ya kila onyesho, beti ziachwe zilivyo.

Msomaji_Mombasa: Waeleze pia kwamba Rumi humo si Roma ya Italia, ni dola ya Herekali yenye makao Konstantinopoli. Tafadhali msimvike kama Papa! Waraka ni barua. Na waliosoma sira, yaani maisha ya Mtume, watauliza, kwa sababu msafara wake wa Tabuki (ndiyo Tambuka) wa mwaka 630 haukupigana na Warumi. Vita vile vikubwa mtunzi kavijenga mwenyewe. Maneno yakizidi, tafuta kamusi ya Krapf ya 1882, ina mengi ya Kimvita, lahaja ya Mombasa.

Mwalimu_Tanga: Allah awalipe. Beti sizigusi. Jioni hii nimeandika ubaoni mato, tini, ndia. Binti mdogo wa safu ya nyuma akanyoosha mkono: "Ndia ni njia, mwalimu. Bibi yangu wa Mombasa ndivyo anavyosema." Usimulizi nimempa yeye.