Naomba ushauri: mchoro wa zamani wa majengo ya shamba, Uingereza

Wakuu, habari zenu. Niko Leeds. Bibi mwenye nyumba wangu amenizawadia mchoro wa wino na rangi za maji: ghala, zizi na nyumba iliyoezekwa nyasi. Mzuri mno! Hauna sahihi, ila ukiuelekeza kwenye mwanga inaonekana alama ya maji (chapa ya mtengenezaji iliyo ndani ya karatasi), "J WHATMAN 1811". Mwaka huo ni wa karatasi tu. Mchoro waweza kuwa wa baadaye. Dalali mmoja anadai ni wa Thomas Rowlandson, mchoraji wa Kiingereza aliyefariki 1827. Siamini, maana kazi zake zimeghushiwa sana.

Nimeshautoa ukutani, jua hufifisha rangi za maji. Kinachonitia hofu ni madoa ya kahawia, na kadibodi iliyogandishwa nyuma imekuwa ya njano. Je, niibandue mwenyewe au nimwachie fundi wa karatasi?