Nina miaka 47, nimepunguzwa kazini, natafuta kazi upya. Naanzia wapi?

mtu_wa_stoo
Wakuu habari zenu. Nimekaa kampuni moja miaka 19, nilianza kupakia mizigo mpaka nikawa msimamizi wa stoo, mwezi uliopita tukaitwa ofisini watu kumi na moja siku moja, tukapewa barua basi. Tangu hapo nimeshatuma maombi kama 40, kila tangazo nikiliona natuma, sijaitwa hata sehemu moja. CV yangu ni ile ile ya zamani, nimeongezea tu hii kazi kule chini. Nashinda na simu asubuhi mpaka usiku napekua matangazo, usingizi wenyewe siupati. Aliyepita hapa, hasa kwa umri huu, anisaidie nijipange vipi.

mpokea_barua
Pole sana kaka. Mimi nimekaa upande wa kuajiri miaka 8 kwahiyo nikwambie ninachokiona mezani. Hayo maombi 40 yenye CV moja ndio yanakumaliza, tuma matano kwa wiki lakini kila moja umelikalia. Chukua tangazo, pigia mstari vitu wanavyovitaka, halafu vile ulivyonavyo kweli viandike kwenye CV kwa maneno yale yale yao, maana kampuni nyingi kubwa CV zinapita kwenye programu kabla mtu hajazishika, na programu ukiiwekea majedwali na picha na vijisanduku inasoma hovyo. Kurasa mbili zinatosha. Kazi ya karibuni inakaa JUU, kaka, mimi nikikutana na shule ya msingi mwanzoni kabisa nimeshachoka. Miaka 10 hadi 15 ya mwisho ndio uieleze, ya nyuma mstari mmoja mmoja. Tarehe ya kuzaliwa kama hawajaiomba usiiweke.

Na hili ndio kubwa. Watu wanaandika "nilihusika na shughuli zote za stoo", hapo mimi sijaona kitu. Ulikuwa na watu wangapi? Upotevu ulikuwaje ulipoipokea na ulikuwaje ulipoiacha? Weka namba zako za kweli, usitunge, ukitunga intavyu itakuumbua.

nilirudi_kazini_53
Aliyosema mpokea_barua ni sawa ila mi naona umeanzia mwisho mdogo wangu. Anza na watu. Mimi nilipata kazi nina miaka 53 na tangazo lake sikuwahi kuliona popote, niliambiwa na dada tuliyefanya naye kazi zamani, tulikuwa hatujaongea miaka sita. Hiyo sio bahati yangu peke yangu, kuna mwanasosholojia wa Marekani anaitwa Mark Granovetter, mwaka 1973 alitoa utafiti wa watu waliopata kazi kupitia mtu, akawauliza huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi. Wa kuonana mara kwa mara hawakufika hata asilimia 17, zaidi ya nusu wakasema mara mojamoja tu, na karibu asilimia 28 ni nadra. Rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe, wa mbali ndiye anasikia mengine.

Kwahiyo kaa chini uandike majina 30, madereva waliokuwa wanaleta mzigo, wateja, waliohama kampuni. Usiwaombe kazi, mtu ukimwomba kazi hana anakukwepa. Mwandikie hivi: "Habari za siku nyingi. Nimemaliza pale mwezi uliopita, natafuta usimamizi wa stoo au usafirishaji. Huko uliko mambo ya stoo yakoje na nani anayasimamia? Naomba dakika kumi za simu." Basi, usiongeze kitu.

bado_natafuta
Shikamoo mkuu, mimi nina 24 na shida ni hiyo hiyo tu, wewe wanakuona mkubwa mimi wananiambia sina uzoefu. Kilichonisaidia ni daftari, nimeandika tarehe, kampuni, nimetuma CV ipi, nimeongea na nani na siku ya kuulizia. Zamani nilipigiwa simu nikawa hata sikumbuki niliomba kazi gani, iliniuma sana. Natafuta asubuhi masaa matatu, saa sita mchana nafunga simu, mchana najifunza eksel. Halafu ukiombwa hela ya fomu au ya mafunzo ndio upewe kazi kimbia, mimi walinila hivyo na sikuwaona tena.

mtu_wa_stoo
Marahaba, asanteni sana jamani. Nimeandika majina 22 mpaka sasa. Swali moja, wakiniuliza kwanini nimeondoka nasemaje?

mpokea_barua
Sema ukweli kwa sentensi moja, kampuni ilipunguza watu 11, halafu hamia kwenye unachokitaka kwao. Usimseme vibaya bosi wa zamani hata kama anastahili. Na wale utakaowaandika wakudhamini wapigie kwanza, wasishtukizwe.

mtu_wa_stoo
Sawa. Nimeuandika upya ule mstari, angalia: "Nilisimamia stoo na wafanyakazi 14. Nilianzisha kuhesabu mzigo kila wiki badala ya mara moja kwa mwaka, vinavyopotea vikashuka kutoka maboksi 60 kwa mwaka hadi 9."

mpokea_barua
Kaka hii ulikuwa umeificha wapi?? Iweke juu kabisa, chini ya jina lako. Kesho asubuhi anza na wale madereva.