Naomba ushauri: kuosha injini ya IST nyumbani bila kuharibu umeme

Kijana_wa_Fuoni
Assalaam alaykum jamani. Nna Toyota IST yenye injini ya 1NZ, juu yake kumetapakaa oili kuanzia kwenye kava la tapeti (kile kifuniko cha juu cha injini) mpaka ubavuni, na vumbi limegandia humo likawa tope jeusi. Nikizima gari baada ya kutoka shamba nasikia harufu ya oili inayoungua. Nnataka niisafishe mwenyewe Jumapili, nyumbani.

Shemeji yangu ananambia nitie petroli kwenye chupa ya kupulizia, nipige kote, halafu nimalizie na mashine ya presha ya jirani yake anayeosha magari. Fundi mmoja kasema maji yasiguse injini abadan. Mwengine kasema mafuta ya taa. Nimsikilize nani? Maji yetu hapa ni ya kisima, kama hilo lina maana.

Spana_Kumi
Wa alaykum salaam. Shemeji mheshimu, lakini petroli hapana. Petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse mchana wa Unguja. Mvuke wenyewe mzito kuliko hewa, unashuka unatambaa chini ya gari, na hapo unangoja cheche tu: kichwa cha betri, swichi, au jiko la mkaa la jirani nyuma ya ukuta. Ukiipuliza kwa chupa ndo umeigeuza ukungu kabisa. Usifanye.

Huyo fundi wa "maji abadan" naye kazidisha. Masika yote gari zinapita madimbwini na hazifi. Kinacholeta balaa ni maji ya presha, na maji baridi juu ya chuma cha moto.

Mie nafanya hivi. Injini iwe vuguvugu, kiasi cha kuweza kuweka kiganja juu yake na usikiondoe. Ikiwa ya moto sana dawa inakauka kabla haijafanya kazi, na chuma kikipigwa maji ghafla kinaweza kupasuka, khasa manifoldi ya ekzosi. Toa ufunguo, fungua waya wa hasi wa betri. Funika jenereta (ile alternator inayochaji betri), boksi la fyuzi, mdomo wa kuvutia hewa, na zile koili nne za kutoa umeme wa cheche, zilizokaa juu ya plagi. Kijiti cha oili na kifuniko cha oili hakikisha vimekaza.

Dawa nunua ile ya kusafishia injini inayochanganywa na maji, duka lolote la spea wanayo. Soma chupa kwanza. Kuna nyengine zina kostiki, hizo zinakula aluminiamu, na kichwa cha injini yako ni aluminiamu. Vaa glavu na miwani. Anza kupuliza chini ukipanda juu, iache dakika tano mpaka kumi bila kukauka, kisha brashi ya mkono mrefu kwenye kona na mswaki wa zamani kwenye mabolti. Suuza kwa maji ya mpira wa kawaida, taratibu, yatiririke tu. Usielekeze mpira kwenye soketi za waya.

Mkanda usiupulizie dawa. Ukilowa utapiga kelele na kuteleza.

Babu_wa_Landrova
Nyie vijana mna mambo mengi. Sisi Land Rover tulikuwa tunaziosha kwa mafuta ya taa na brashi, na zikenda mpaka zikachoka zenyewe. Mafuta ya taa hayawaki ovyo kama petroli.

Spana_Kumi
Shikamoo mzee wangu. Kweli hayawaki ovyo, mvuke wake unahitaji joto la nyuzi 38 na zaidi. Lakini hiyo ni joto la kawaida kabisa ndani ya boneti, na ekzosi inapita hapo kwa mbali sana. Halafu Land Rover zile zilikuwa na distributa moja na waya nne tano. Hii IST imejaa sensa (vipimo vya umeme vya injini), soketi za plastiki na mipira, na mafuta ya taa yanaivimbisha mipira. Kipande ulichokifungua ukakitia kwenye beseni, kioshe kwa mafuta ya taa sawa, nje, mbali na moto. Injini nzima, hapana.

Babu_wa_Landrova
Marahaba. Hilo la mipira nakubali.

Bint_Wete
Nacheka mnavyosema "funika" kana kwamba mifuko ya plastiki inauzwa Darajani. Ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006! Mie natumia nailoni ya kufunikia vyakula jikoni, inazungushwa vizuri na inajishika yenyewe. Mfuko wa ndani wa gunia la mchele nao unafaa kwa boksi la fyuzi. Ila kaka, ukimaliza vihesabu vyote ulivyofunika kabla hujawasha. Kikibaki kimoja kwenye mdomo wa hewa au karibu na mkanda, utajua.

Dalali_Hodari
Kama unataka kuiuza iache hivyo hivyo. Mnunuzi mjanja akifungua boneti akaona inang'aa anajua kuna kitu kimefichwa 😂

Kijana_wa_Fuoni
Siiuzi bwana. Ahsanteni. Hamjanijibu kuhusu maji ya kisima, na yale machafu niyamwage wapi? Nyuma ya nyumba kuna karo, shimo la maji machafu.

Upepo_wa_Kusi
Nipo upande wa mashariki, pwani, kwa hiyo hili nnalijua. Maji ya kisima chenu yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, hata kidogo, usiyatumie kusuuzia. Maji yanakauka, chumvi inabaki ndani ya soketi, na baada ya muda unakuta pini za waya zimeota ukijani, sensa inasema uongo, taa ya injini inawaka huku fundi anatafuta ugonjwa asiuone. Hewa yetu ya bahari peke yake inatosha kula chuma, usiiongezee. Brashi na dawa fanya, lakini suuza kwa maji ya mvua au ya bomba la ZAWA (mamlaka ya maji Zanzibar). Ndoo tatu nne zinatosha kama una kopo na subira.

Karoni usimwage hata tone. Chini yetu ni jiwe la matumbawe lenye matundu, kinachoingia karoni leo kinaweza kuwa kisimani kwako kesho. Egesha juu ya saruji, tandika maboksi yaliyofunguliwa, mwaga randa za mbao kuzunguka. Randa zinanyonya ile oili. Ukimaliza zizoe utie kwenye ndoo yenye kifuniko, na umuulize fundi wako anakopeleka oili chafu yake. Na zisichomwe karibu na nyumba.

Spana_Kumi
Upepo kasema kweli, la chumvi nililisahau kwa sababu mie nipo mjini natumia bomba.

Nirudi kwa Dalali, kwa sababu kwenye mzaha wake kuna neno. Injini haichafuki kwa oili hivi hivi, kuna pahala inavuja, na kuosha hakuzibi. Faida ya kuiosha ni kwamba sasa utapaona. Ikishakauka, endesha siku chache, halafu fungua boneti na tochi. Oili inashuka na upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo usitazame panapodondoka. Tafuta pahala pa JUU kabisa palipolowa. Kwa maelezo yako, harufu ya kuungua na uchafu kuanzia kwenye kava, nnashuku gasket ya kava la tapeti, inadondoshea ekzosi.

Kijana_wa_Fuoni
Na ikikataa kuwaka baada ya kuosha?

Bint_Wete
Mara nyingi inawaka ila inamisi, yaani silinda nyengine haichomi na injini inatetemeka; maji yameingia kwenye mashimo ya plagi. Zima, usiendelee kuikanyagia ukidhani itajikausha, petroli isiyoungua inakwenda kuunguza katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi. Fungua koili kwa spana namba 10, zifute, ziache juani, mashimo yakaushe kwa kitambaa kwenye bisibisi ndefu au upepo mdogo wa kompresa. Na mngurumo ukiwa wa kupanda na kushuka mwanzoni baada ya kurudisha betri, usiogope, control boksi (kompyuta ya injini) inajipanga upya.

Kijana_wa_Fuoni
Nimechungulia sasa hivi. Nimetoa koili ya kwanza, ncha yake imelowa oili, na shimoni mna oili imesimama.

Spana_Kumi
Basi hilo ndilo jibu, na Jumapili usianze na kuosha. Raba za mashimo ya plagi zimekufa, nunua seti pamoja na gasket ya kava. Ile oili ya shimoni ifyonze kwa kitambaa au sirinji KABLA hujafungua plagi, la sivyo itamwagikia ndani ya silinda pamoja na mchanga wake. Ukifunga kava usipake silikoni kote, na mabolti yake kaza kidogo kidogo kwa kupishana, ni madogo, yanakatika. Baada ya hapo ndo ufunike uoshe.

Kijana_wa_Fuoni
Seti ya raba inapatikana Mwanakwerekwe au niagize Dar?

Dalali_Hodari
Mwanakwerekwe zipo, za 1NZ haziadimiki, gari hizi zimejaa. Nenda na ile ya zamani mkononi ulinganishe, na ukiambiwa "zote sawa" ondoka.