Timu ya mji wenu mkoa wa Tanga ilianzaje na ilifia wapi? Tupeane uzoefu

Mleta uzi (Muheza): Wagosi salaam. Habari za Coastal Union ya Tanga mjini tushazisikia kila kijiwe, imeanza 1948, 1988 ikabeba ubingwa wa bara, hongera zao. Mie nataka hizi za Muheza, Korogwe, Pangani, Mombo, Maramba huko, ambazo historia yake haipo popote zaidi ya kwenye vichwa vya wazee. Nani alianzisha, hela ilitoka wapi, nani kaiua.

Ya kwetu ilianzishwa na vijana wa sokoni wapakia machungwa. Mfadhili hakuna, msimu ukichanganya kila anayepakia fuso anatoa chochote, jezi zinanunuliwa, mpira unanunuliwa, tunatamba. Machungwa yakiisha na timu inalala, ndo maana ligi ya wilaya ikiangukia miezi ya njaa tulikuwa tunapigwa na kila mtu mpaka vitoto vya sekondari. Katibu wetu alikuwa anaandika kila kitu kwenye kauntabuku, wafungaji, faini, nani hajalipa nauli. Alipofariki nyumbani kwake wakafungia maandazi. Yaani historia ya klabu nzima imeliwa na chai.

Mdau wa Korogwe: 😂😂 pole mgosi. Sie yetu ilikuwa ya shamba la mkonge, mzee wangu kacheza beki. Enzi hizo kambini kuna watu wa kila kabila, waliletwa manamba toka Songea, Njombe, Kigoma, kwahiyo timu ilikuwa imejaa majitu ya shoka. Mzee anasema ukijua mpira unahamishiwa kazi nyepesi pale korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, ili jumapili uwe na miguu, na lori la shamba ndo linawapeleka mechi za ugenini. Sa kamba za nailoni zilipokuja bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakataifishwa, mengi yakageuka pori, lori likawekwa juu ya mawe na timu ikafia hapohapo. Hakuna aliyeivunja, ilikosa usafiri tu. Watu wanalaumu viongozi ila mi naona timu nyingi za huku zilikufa kwa nauli.

Mdau wa Pangani: Nauli umegusa penyewe. Sisi wavuvi tuna na lingine, mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavuliwi, basi mazoezini kunajaa mpaka wengine wanakaa nje, siku za giza zikiingia watu wote baharini unabaki na kipa na mshona nyavu. Kocha alikuwa anaomba ratiba ya mechi kwa kuangalia mwezi, chama cha mpira wakamuona mchawi. Na ukicheza ng'ambo ya mto kule Bweni lazima uwahi pantoni, kuna siku refa kaongeza dakika, wachezaji wanamuangalia yeye na mto, tukafungwa bao la kizembe kabisa.

Mdau wa Ngamiani: Msijione wanyonge, hata za mjini zimeonja. Msimu wa 2015/16 Coastal, African Sports na Mgambo zote tatu zimeshuka daraja kwa pamoja, mkoa mzima ukabaki hauna timu ligi kuu. Coastal ikarudi 2018, na ile fainali ya Kombe la FA 2022 Sopu wetu wa Coastal kawapiga Yanga hat trick tukafungwa kwa matuta, mpk leo roho inauma

Mleta uzi: Mgosi mada ni timu ndogo 😅

Mdau wa Lushoto: Mie ni mama, sijacheza ila jezi zote zilikuwa zinafuliwa kwetu, mama yangu anazianika uani tunajua nani kaumia kwa damu ya kwenye soksi. Timu yetu iliuawa na mamluki. Tulipofika ligi ya mkoa viongozi wakaona vijana wetu hawatoshi, wakaleta watu wa mjini, wanalala gesti, wanakula kuku, wa kwetu wanakaa benchi na viatu vya kuazima. Hela ikaisha mamluki wakaondoka na jezi. Vijana wa kwetu walikataa kurudi na mie nawaunga mkono.

Mdau wa Maramba: Bi mkubwa umesahau kamati ya ufundi, wale wa mambo ya waganga, ile bajeti yake ilikuwa kubwa kuliko ya daluga na haina risiti

Mdau wa Mombo: Yetu haijafa jamani. Bado ina cheti cha usajili, katiba na mwenyekiti, wachezaji tu ndo hakuna. Na ile faini ya kugomea mechi hatujalipa, kama kuna mtu wa chama humu asome haraka apite.